Maswali na Majibu ya Bima: Ukishatiwa Hatiani, Bima Isikatike

Barua nilizochagua safari hii zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani ambao wameshapatikana na makosa mazito barabarani: kuendesha wakiwa wamelewa (DWI au DUI, kutegemea jimbo), mwendo wa kupindukia, kuendesha bila bima. Zote zilizouliza tena wapi inauzwa "SR-22 ya bei poa" nimeziweka pembeni. SR-22 haiuzwi. Ni fomu ambayo kampuni yako ya bima inaituma kwa serikali ya jimbo kuthibitisha kwamba una bima isiyopungua kiwango cha chini cha sheria, na ada ya kuituma kwa kawaida haizidi dola 50. Kinachopanda ni bei ya bima yenyewe, kwa kuwa umeshaingizwa kwenye kundi la madereva wa hatari. Mtu akikuuzia SR-22 tupu, isiyo na bima nyuma yake, amekuuzia karatasi.

Swali: Nilitiwa hatiani kwa DWI mwaka jana na nina SR-22. Desemba nakwenda Mwanza kwa miezi miwili, gari litabaki gereji nyumbani. Nataka kusimamisha bima hadi nirudi ili niokoe hela. Inaruhusiwa? (Msomaji, Houston)

Jibu: Usiisimamishe. Jibu hili ningependa lisomwe na kila mwenye SR-22, kwa sababu wengi ninaowaona wakiharibikiwa hawakuharibiwa na lile kosa la kwanza. Waliharibiwa na bima iliyokatika baadaye.

Bima za magari Marekani huanza na kukoma saa sita na dakika moja usiku. Ukiomba yako isimame tarehe ya safari, dakika hiyo ikipita huna bima, na kampuni inapaswa kuliarifu jimbo kwa fomu nyingine, SR-26. Huko hakuna ofisa atakayeuliza kama gari lilikuwa limefunikwa turubai na wewe uko Mwanza kwa mama. Leseni inafungwa, barua inatumwa, na sanduku lako la barua halina wa kulifungua hadi Februari. Unarudi, unatoka na gari, askari anakusimamisha kwa taa ya nyuma iliyoungua, na hapo hapo una kosa jipya la kuendesha huku leseni imefungwa. Texas inadai SR-22 kwa miaka miwili tangu siku ya kutiwa hatiani. Majimbo mengi yanadai mitatu, na kuna majimbo ambako bima ikikatika hesabu inaanza upya. Juu ya hayo, kampuni utakayokwenda baadaye itakuuliza kama umewahi kukaa bila bima, na itakutoza kwa pengo hilo.

Unachoweza kufanya ni kumwomba wakala aondoe kwa muda ile sehemu ya bima kubwa inayolipia gari lako likigonga au kugongwa, abakize bima ndogo inayolipia madhara kwa wengine, ambayo ndiyo jimbo linaitazama. Gari likiwa la mkopo, benki haitakubali hata hilo. Kabla ya kupanda ndege panga malipo yakatwe moja kwa moja, na uache hela ya kutosha kwenye akaunti. Desemba ndiyo akaunti zetu hukauka kwa nauli, zawadi na michango ya nyumbani. Malipo yakigoma benki, bima inakatika vilevile.

Walioko Maryland, hata msio na SR-22: rudisheni namba za gari kabla ya kukatisha bima. Jimbo hilo linatoza faini inayoongezeka kila siku gari lenye namba hai linapokaa bila bima.

Swali: Leseni yangu ya hapa imefungwa. Naweza kuendesha kwa leseni yangu ya Kenya pamoja na ile ya kimataifa? (Dallas)

Jibu: Hapana. Kilichofungwa ni ruhusa yako ya kuendesha katika jimbo hilo, na kadi ya nchi nyingine hairudishi ruhusa hiyo. Hizo "leseni za kimataifa" zinazouzwa kwenye WhatsApp ni utapeli mtupu.

Swali: Mume wangu alipata DUI na bima yetu ikapanda mno. Wakala, ambaye ni mtu wa kwetu, amenishauri gari liandikwe jina langu peke yangu na mume asitajwe kabisa kwenye fomu. Mume bado analiendesha kwenda kazini. Kuna ubaya? (Dada wa Columbus)

Jibu: Ubaya upo, dada, na huyo wakala ndiye wa kwanza kuukimbia siku ukitokea.

Fomu ya bima inauliza ni nani wote wenye umri wa kuendesha wanaoishi nyumba hiyo. Ukimwacha mumeo nje umetoa taarifa ya uongo, na umeiwekea sahihi. Siku ya ajali kampuni haitakuuliza wewe habari za wakala. Mkaguzi wao atapiga simu, atakuomba ruhusa ya kurekodi mazungumzo, kisha atauliza kwa upole kabisa: nyumbani mnaishi wangapi? Mumeo anafanya kazi wapi? Anafikaje huko? Gari lilikuwa limeegeshwa wapi jana usiku? Maswali manne tu, na fomu yako imeshavunjika. Kampuni inaweza kukataa kulipa, inaweza hata kuifuta bima kana kwamba haikuwahi kuwepo, na jina lako wewe, ambaye hukunywa hata tone, linaingia kwenye kumbukumbu ambazo kampuni nyingine zitazisoma.

Kuna njia halali katika majimbo mengi, ingawa si yote: kumtaja mume na kumwondolea haki ya kuendesha gari hilo kwa maandishi. Bei inashuka. Lakini akilishika hata mara moja, hata kama ni kukupeleka hospitali usiku, kampuni hailipi. Kwa mtu anayelitumia kwenda kazini kila siku, njia hiyo ni ya kujidanganya. Mtajeni, mlipe hiyo bei kubwa, mtafute kampuni nyingine kila bima inapofika mwisho wake. Kosa la mumeo lina tarehe ya kuisha, lakini uongo wa fomu unaweza kuibuliwa wakati wowote mkiomba fidia.

Na niseme kwa mawakala wetu wenyewe, kwa sababu najua mnasoma: mnaowafundisha ndugu zenu kudanganya anwani na majina ili mpate mteja mnawaibia. Fomu inabeba sahihi yao. Kamisheni mnabeba ninyi.

Swali: Niliuza gari baada ya kesi. Kwa kuwa sina gari, SR-22 bado inanihusu? (Seattle)

Jibu: Ukitaka leseni yako irudi, ndiyo. Omba bima ya dereva asiye na gari. Inakulinda unapoazima gari la mtu, SR-22 inatumwa juu yake, na kwa kawaida ni nafuu kuliko ya mwenye gari. Haifai kwa gari la mtu unayeishi naye nyumba moja au unalotumia kila siku.

Swali: Naendesha lori, nina CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara. Nilikamatwa nimelewa nikiwa na gari langu dogo, siku ya mapumziko. Jamaa kazini wanasema haihusiani na lori. (Dereva, Fort Worth)

Jibu: Jamaa wanakupoteza. Kwa sheria ya shirikisho, ukitiwa hatiani kwa kuendesha umelewa, iwe kwenye lori au kwenye gari la familia, CDL inazuiwa mwaka mmoja mara ya kwanza. Mara ya pili ni maisha, ingawa baadhi ya majimbo huruhusu kuomba tena baada ya miaka 10. Ukiwa kwenye lori lenye mzigo wa hatari, mara ya kwanza tu ni miaka mitatu. Na kwenye lori kipimo cha kilevi kwenye damu ni 0.04, nusu ya kile 0.08 cha majimbo karibu yote.

Usitegemee mpango wa kozi ili kosa lisionekane. Dereva wa kawaida Texas anaweza kwenda kozi ya udereva na tiketi ndogo ya mwendo ikafutwa, lakini mwenye CDL sheria inamnyima njia hiyo, na jimbo haliruhusiwi kumfichia hatia. Unatakiwa pia kumjulisha mwajiri ndani ya siku 30 tangu kutiwa hatiani kwa kosa lolote la barabarani isipokuwa la kuegesha, na leseni ikifungwa unamwambia kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Wengi wananyamaza wakitumaini haitajulikana. Mwajiri anavuta rekodi yako, na kosa la kunyamaza linaongezeka juu ya lile la ulevi.

Hata mwaka ukiisha na CDL ikarudi, bado kuna bima. Lori la mizigo ya kawaida linalovuka majimbo linatakiwa na sheria kuwa na bima ya angalau dola 750,000, na mawakala wa mizigo wengi wanadai milioni moja. Kampuni inayobeba hatari hiyo ndiyo inayoamua ni nani akae kwenye usukani. Mwajiri anaweza kukupenda na bado akakuambia bima imekukataa. Kwa mwenye lori lake mwenyewe hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mkopo wa lori hausubiri. Ndugu yangu, nimeona familia ikipoteza lori na nyumba kwa njia hii, na ilianza na chupa chache za Jumapili. Madereva wa lori ni nguzo ya jamii yetu Texas. Kwa mwenye CDL sishauri "kunywa kidogo". Akishapanga kuendesha, asinywe kabisa.

Swali: Ni kweli ukikataa kupuliza kipimo wanakosa ushahidi na unapona? (Wengi)

Jibu: Si kweli. Kwa kuchukua leseni ya jimbo umeshakubali kupimwa ukikamatwa kwa tuhuma hiyo. Texas ukikataa mara ya kwanza leseni inafungwa siku 180, wakati aliyepuliza akazidi kipimo anafungiwa siku 90. Askari anaweza pia kuomba kibali cha hakimu damu yako ichukuliwe. Tena una siku 15 tu tangu upewe taarifa kuomba kusikilizwa kuhusu leseni, na California ni siku 10. Zikipita, umeikosa nafasi hiyo. Watu wanakaa wiki tatu wakiulizana kwenye makundi ya simu wakati karatasi yenye tarehe iko mezani kwao.

Swali hili linarudi kila baada ya msimu wa harusi na nyama choma, nami sitaki kulijibu kwa sheria peke yake. Jamii yetu ni hodari sana wa michango. Mtu akifariki kwenye ajali, ndani ya siku chache tumechanga maelfu ya dola mwili usafirishwe Kisumu au Moshi. Lakini saa nane usiku, kwenye maegesho ya ukumbi, mtu anayumba akitafuta funguo, na tuliosimama pale tunamuaga kwa heshima: "Haya mzee, ufike salama." Mnyang'anyeni funguo. Atakasirika, na kesho atakuwa hai. Kamati za harusi zinazopanga bajeti ya DJ na maua ziweke na fungu la teksi za kurudisha watu nyumbani.

Swali: Nilikuwa na maili 88 kwa saa kwenye I-95 Virginia. Askari ameandika "reckless driving", yaani kuendesha kwa uzembe wa hatari. Rafiki anasema nilipe tu faini. (Alexandria)

Jibu: Hiyo si tiketi ya faini. Virginia, mwendo unaozidi maili 85 kwa saa, au unaopita kiwango cha barabara kwa maili 20 au zaidi, ni kosa la jinai linaloweza kukupa hadi miezi 12 jela na faini hadi dola 2,500. Linakaa kwenye rekodi yako ya udereva miaka 11. Tafuta wakili kabla ya tarehe ya mahakama, na usikose kufika. Na popote pengine, kulipa tiketi kwa kawaida ni kukiri kosa. Watu hulipa haraka ili "yaishe", halafu wanashangaa bima imepanda.

Swali: Nina green card na nina DUI mbili, ya mwisho miaka miwili iliyopita. Nikiomba uraia sasa itakuwaje? Na mdogo wangu mwenye visa ya masomo amekamatwa juzi kwa kosa hilo hilo. Pia nina wasiwasi kuhusu SR-22. (Minneapolis)

Jibu: Kwako wewe: usijaze fomu hiyo kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa mwaka 2019, kutiwa hatiani mara mbili au zaidi kwa kuendesha umelewa ndani ya kipindi kinachotazamwa, ambacho kwa wengi ni miaka mitano, kunamfanya mwombaji achukuliwe kuwa hana tabia njema hadi athibitishe vinginevyo. Kuthibitisha ni kazi nzito. Mara nyingi kusubiri kwa utulivu ni bora kuliko kukimbilia. Na usifiche, kwa sababu alama za vidole ulizochukuliwa siku ya kukamatwa zitaonekana.

Kwa mdogo wako: wizara ya mambo ya nje inaweza kufuta visa kwa kukamatwa tu, hata kabla ya hukumu. Akiwa ndani ya nchi hiyo haimaanishi aondoke kesho, lakini akitoka hataweza kurudi bila visa mpya. Asisafiri kwenda likizo nyumbani kabla ya kupata ushauri. Na asikiri chochote mahakamani kabla ya kumwambia wakili wake kwamba si raia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumletea kufukuzwa nchini. Lakini wakili asipoambiwa, huenda asiulize.

Minnesota haitumii fomu ya SR-22, kwa hiyo kwenye hilo barua yako ina wasiwasi usiohitajika.

Swali: Nina SR-22 Texas na bima ya 30/60/25. Wakala anasema sheria imetimia. Inatosha? (Austin)

Jibu: Sheria imetimia, wewe hujakingwa. Chukua ukurasa wa kwanza wa bima yako, ule wenye majina ya madereva. Hizo namba zinasema kampuni italipa hadi dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali uliyoharibu. Sasa tazama pikapu zilizoegeshwa mtaani kwako. Ukiharibu kabisa moja ya dola 60,000, zile 35,000 zinazobaki ni deni lako. Siku chache za chumba cha wagonjwa mahututi zinaimaliza ile 30,000 na kuendelea. Na kama uliumiza mtu au kuua ukiwa umelewa, hata mahakama ya ufilisi haifuti deni hilo.

Florida imeliona jambo hili: aliyetiwa hatiani kwa DUI huko hapewi SR-22, anatakiwa FR-44, ambayo inadai 100,000 kwa mtu mmoja, 300,000 kwa ajali na 50,000 kwa mali. Mimi naona Florida ina haki. Uliza bei ya 100/300/100. Nyongeza yake mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mwenye rekodi mbaya ndiye anayeihitaji zaidi.

Swali: Kampuni yangu imenifuta na nyingine mbili zimenikataa. Jamaa mmoja Facebook anatoa kadi ya bima ndani ya saa moja, nimtumie hela kwa Zelle. (Silver Spring)

Jibu: Usimtumie. Wapo matapeli wanaochukua bima halisi kwa taarifa za uongo, wanakupa kadi, kisha wanaiacha ikafutwa. Wengine wanachapa kadi tu. Unajua siku ya ajali. Kila jimbo lina idara ya bima yenye orodha ya mawakala wenye leseni. Tafuta jina lake humo kabla ya kutoa senti.

Wewe uko Maryland, na bunge la jimbo hilo lilianzisha mwaka 1972 mfuko unaoitwa sasa Maryland Auto kwa ajili ya watu kama wewe: aliyefutwa na kampuni moja au kukataliwa na mbili. Bei si ndogo, lakini ni bima ya kweli. California kuna CAARP na Texas kuna TAIPA, mipango inayozigawia kampuni madereva waliokataliwa kwingine. Kaa humo, lipa kwa wakati, kisha rudi kwenye soko la kawaida rekodi ikitulia.

Swali: Miaka yangu mitatu ya SR-22 imeisha mwezi huu. Mbona bei haijashuka? (Baba wa Phoenix)

Jibu: Kwa sababu kampuni haikupunguzii bila kuombwa, na kosa lenyewe linaweza kutazamwa kwa miaka zaidi ya SR-22. California, kwa mfano, DUI inakunyima punguzo la dereva mwema kwa miaka 10. Kabla ya kumwambia wakala aiondoe fomu, mzee, piga simu jimboni uthibitishe tarehe kwa kinywa chao, kwa sababu ukiiondoa hata wiki moja kabla ya siku, SR-26 inakwenda na leseni inafungwa. Ukishapata uthibitisho, omba pia ripoti yako ya madai ya bima, iitwayo CLUE, kutoka kampuni ya LexisNexis, ambayo ni bure mara moja kwa mwaka na inaonyesha madai ya miaka saba. Ukiona humo ajali isiyo yako, ipinge kwa maandishi kwanza. Baada ya hapo chukua bei kwa kampuni tatu au nne, na bima mpya ianze siku ile ile ya zamani inapokoma, saa sita na dakika moja.